Msimbo wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa vifaa vya hospitali, na kwa jinsi asivyojua haraka tulimbatiza Bi Taratibu. Hata akiitwa kula, humaliza kwanza kukaza skrubu. Miaka sita iliyopita aliandika programu ya kupima joto la watoto njiti, akaiweka mtandaoni. Yeyote aliruhusiwa kuitumia, kuibadili, hata kuiuza. Leseni ilikuwa na sharti moja tu: anayeiuza ampe mnunuzi na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ili naye aweze kuirekebisha.

Siku moja wodi ya watoto njiti hospitalini kwake ililetewa vipimajoto vipya vya kampuni fulani. Muuguzi mkuu akamwita Shangazi.

"Dada, hiki kinapiga kelele na mtoto hana neno. Halafu hebu soma kinavyosema."

Kwenye kioo paliandikwa: "Betri inakata roho, mwenzangu."

Shangazi akayatambua. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe miaka ile sita nyuma, akicheka peke yake. Nadhani kwanza alifurahi. Kisha, akidhani wao ndio walioiharibu programu, akaiandikia kampuni kuomba msimbo, apate kuondoa hitilafu. Wakamjibu kuwa ni siri yao.

"Siri?" aliniambia. "Mtu anifiche mwanangu mwenyewe?"

Barua ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikataka tuwaanike mitandaoni, akakataa.

"Ukishamvua mtu nguo hadharani, atakusikiliza kwa lipi?"

Akavaa gauni lake la kutokea, tukaenda ofisini kwao. Meneja alitupokea kwa lile tabasamu la kuaga wageni. Shangazi akaweka kipimajoto mezani, akakitia betri iliyochoka. Ujumbe ukatokea.

"Baba, haya maneno kaandika nani?"

"Wahandisi wetu."

Akamwonyesha kwenye simu programu yake, tarehe ya miaka sita nyuma, na maneno yaleyale. "Wakili ninaye, lakini sikuja kwa shari. Uzeni, mpate riziki. Ila timizeni sharti. Wauguzi wanakimbizwa bure kila saa."

Meneja akamwita mhandisi wake, binti mwembamba mwenye miwani. Binti akaangalia chini.

"Nililisema hili tangu mwanzo, bosi."

Wiki tatu baadaye msimbo ulitolewa, na jina la Shangazi juu kabisa. Hitilafu aliipata siku hiyohiyo. Kosa lilikuwa lake, tangu siku ya kwanza. Nilimwambia si lazima waambiwe. Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi, akawaandikia yote, akaomba radhi, akawapelekea marekebisho.

Wodi sasa imetulia. Na yule binti humpigia kila Jumamosi asubuhi, wakabishana kuhusu msimbo hadi chai ipoe. Shangazi anakana kwamba huisubiri simu hiyo, lakini Jumamosi humtoi nyumbani.