Mji Uliokataa Kuhesabiwa

Mama Mkasi alikuwa mkunga, na jina hilo alipewa kwa sababu mbili: mkasi wake wa kukatia vitovu, na ulimi wake. Siku mtendaji wa kata alipokuja zahanati kutangaza kwamba chumba cha uzazi kinafungwa na vitanda vinahamishiwa ng'ambo ya mto, ulimi ulitangulia.

"Kisa?"

"Hamtoshi, mama. Kwa mujibu wa sensa, mji huu hauna watu."

"Hauna watu? Kwani mimi huwa nazalisha mbuzi?"

Mji wenyewe ni barabara moja ya vumbi, imebanwa kati ya kilima cha mawe na mto. Masika mto ukifura, daraja huzama, na mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja maji yapungue. Kila mtu alilijua hilo. Mama Mkasi alitoka pale kwa hasira, akaanza na jirani yake, fundi baiskeli, baba wa watoto saba ambao wote walipitia mikononi mwake.

"Karani wa sensa ulimwambia mko wangapi?"

Fundi akainamia tairi. "Wawili. Mimi na mke wangu."

"Na hao saba wanaokukwangulia sufuria ni majini?"

"Dada, si unajua tena. Mtu hahesabiwi hivi hivi."

Alijua, na kujua huko ndiko kulikomchoma. Mji ulizaliwa na kiwanda cha pamba, enzi za wakoloni. Asubuhi moja walikuja askari, wakahesabu wanaume nyumba kwa nyumba, kwa upole kabisa. Jioni wakarudi na kamba. Waliohesabiwa walipelekwa kuchonga barabara milimani, na wengi hawakurudi. Kiwanda kilishakufa, wakoloni walishaondoka, lakini mgeni akiuliza mko wangapi, jibu ni lile lile: wawili. Watoto hufundishwa hivyo kabla hawajajua kusoma. Ujinga mtupu!

Alipita kila nyumba akifoka. Alipofika kwake, mama yake mzazi alikuwa barazani akichagua maharage.

"Na wewe mama, ulisema nini?"

"Nilisema naishi peke yangu."

"Na mimi je?"

"Ulikuwa kazini. Ulitaka nikutoe?" Mama yake aliweka ungo chini. "Baba yangu nilimtoa mimi. Nilikuwa mtoto. Askari aliniuliza, baba yuko wapi, nikamwonyesha shambani."

Mama Mkasi hakuwahi kuyasikia hayo. Yalimkata maini, ila hasira haikuondoka. "Pole, mama. Lakini mwanamke atafia pale ukingoni, na safari hii atakayemuua si mkoloni. Ni ninyi."

Alimrudia mtendaji, akamganda kama kupe hadi akakubali: lori la vitanda lingekuja Jumamosi, lakini watu wakijitokeza wenyewe na kuhesabiwa upya, angelirudisha lori tupu.

Jumamosi lori likaja. Mtendaji akaketi na meza yake nje ya zahanati. Watu hawakuja. Mapazia yalitikisika, milango iliachwa wazi kidogo, lakini hakuna aliyevuka kizingiti.

"Waoga wakubwa!" Mama Mkasi aliipasua barabara kwa sauti. "Nimewapokea uchi mmoja mmoja, leo mnaona haya kuonekana?"

Wapakizi wakabeba kitanda cha kwanza, wakakiweka ndani ya lori.

Ndipo mama yake alipotoka nyumbani na bakora yake, akaja katikati ya barabara, polepole, mbele ya milango yote ile. Alipofika mezani alimshika bintiye mkono, akaubana hadi ukauma.

"Tuko wawili," alimwambia mtendaji, na safari hii ilikuwa kweli. "Mimi na huyu mwanangu. Andika. Na ole wako aje mtu kumchukua!"

Mlango wa fundi baiskeli ukafunguka. Akatoka yeye, akatoka mkewe, wakaanza kutoka watoto. Mlango wa pili nao ukafunguka.

"Mnakodoa macho nini?" Mama Mkasi aliwafokea wapakizi huku machozi yakimchuruzika. "Shusheni kitanda changu!"