Gitaa Jekundu la Muzee Anselme

Wakati wa utoto wetu hapa mtaani Murara, wimbo haukuanza mpaka betri zimeota jua. Ninyi mliokua pamoja nami mnajua ninachosema. Jumamosi mchana tulizitoa betri za redio ya kanisa, tukazipanga juu ya mawe meusi ya volkano yaliyokuwa yamepata joto, tukazilinda dhidi ya kuku na dhidi ya watoto wa ng'ambo ya barabara. Baba yangu alikuwa akisema, "Hata betri inahitaji sabato." Kesho yake zilirudishwa ndani ya redio, gitaa jekundu likaunganishwa na redio hiyo kwa waya, na kanisa letu dogo la mbao likatoa sauti iliyowafikia hata waliokuwa bado kitandani.

Gitaa lile lilikuja kwa njia ya Rutshuru, limeviringishwa kwa blanketi ndani ya lori la maharagwe. Waumini walilinunua kwa mavuno yao. Wa Kibumba walileta viazi, wa Masisi walileta jibini na mashanza, yale maziwa mazito ya kuganda, na mama yangu alitoa kuku ambaye sisi watoto tulikuwa tumeshampa jina. Hatukulisamehe gitaa mpaka siku tulipolisikia. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba chombo kinachokunywa umeme kimetoka kwenye baa na kitarudi kwenye baa. Tulimheshimu sana mzee yule. Lakini sisi tuliokaa sakafuni tuliuona mguu wake chini ya benchi ukifuata mdundo.

Mpigaji alikuwa Anselme, kijana wa vilima vya Masisi aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaja mjini na vidole virefu. Tundu la gitaa ambamo waya uliingia lilikuwa limelegea. Waya usiposhikwa, sauti ilikatika, au gitaa likakoroma kama nguruwe. Kwa hiyo kila Jumapili mtoto mmoja alipiga magoti karibu na Anselme, akaushika waya bila kutikisika tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Kazi hiyo tuliigombea. Ilimwendea aliyesema mstari wake wa Biblia bila kukosea neno. Nilijua Zaburi nyingi kuliko wenzangu, na sababu haikuwa utakatifu, ilikuwa waya. Mpaka leo nikiziomba Zaburi zile, goti la kulia linauma.

Siku nyingine za juma tulikuwa na magitaa yetu wenyewe: mkebe wa mafuta ya mawese, kipande cha ubao, na nyuzi tulizochomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Jirani yetu mmoja alishuka mlima bila breki, akaokolewa na shamba la maharagwe, na jioni hiyo kila mzazi wa mtaa alikagua mkebe wa mwanawe. Vijana wa leo wakitaka gitaa wanaligusa kwenye kioo cha simu. Ni jambo jema, hakuna baiskeli inayoumia. Ila gitaa lao halina harufu ya mawese.

Sasa niwaambie gitaa jekundu lilivyonifikia mimi, niliyekuwa seremala maisha yangu yote na nimepumzika.

Mlima uliposhusha moto wake mjini, kanisa la mbao lilikwenda lote. Mke wa Anselme alikuwa amelitoa gitaa mapema, akalifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, akakimbia pamoja na watu. Barabarani alisukumwa akaanguka, na shingo ya gitaa ikapasuka. Baada ya hapo lililala miaka mingi chini ya kitanda, katika nyumba ambayo bati zake zilivuja. Panya walikula nyaya. Wajukuu walichukua vifungo vya sauti wakavifanya magurudumu ya chukudu yao ndogo ya kuchezea, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Mama yule alipofariki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuinama chini ya kitanda kile.

Mwaka jana sisi wazee tuliobaki tuliamua kuimba tena pamoja, alasiri moja kila juma. Tulimwomba Anselme atupigie. Alikataa kinanda cha vijana, na gitaa jipya la mjukuu wake alikataa kulishika.

"Gitaa ya mwingine ni kama meno ya mwingine," alisema. "Utaweka mu kinywa?"

Binti yake, Mama Furaha, ndiye aliyelileta kwangu ndani ya mfuko wa mahindi.

"Papa, tazama kama inaweza kupona," aliniambia. "Muzee vidole vinamukauka. Kidole cha pete hakikunjiki tena. Kama itachelewa, itapona na hakutakuwa mutu wa kuipiga."

Niliufungua mfuko. Rangi nyekundu ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Kichwa kilining'inia kwa nyuzi chache za mbao. Nilimwambia ukweli: mbao itapona kama tutaipa muda, na muda ndio hatuna.

Nililitundika juu jikoni, mbali kidogo na mbabula, ili joto la makaa liutoe unyevu polepole. Sumaku zake na nyaya zilizosalia nilizipeleka kwa mtengeneza redio wa Birere, akazifunga upya kwa waya mwembamba kuliko unywele. Anselme alikuja kila siku baada ya sala ya asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kutazama juu, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitalini.

"Imekula?" aliniuliza.

"Imekunywa moshi kidogo, Muzee."

"Wewe unafanya kazi kama mutu ambaye Yesu alimuahidia miaka elfu."

"Na wewe ulikuwa na haraka hivi hivi ulipokuwa unachunga?"

"Ng'ombe zilikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nafuata."

Mbao ilipokauka niliusafisha ufa kwa kisu chembamba, nikaingiza kole, gundi yetu ya mbao, nikaikaza shingo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Alikuja akanionyesha mkono wake wa kushoto. Kidole cha katikati nacho kilikuwa kimeanza kugoma. Nilimhurumia, nikaifungua mipira kabla ya wakati. Tulipoanza kukaza nyuzi, shingo ilitoa mlio mkavu na ufa ukafunguka tena mbele ya macho yetu.

Hakunilaumu. Alisema, "Mungu alitungoja sisi tuzeeke. Na sisi tuingojee kole."

Nilianza upya. Mvua ilinyesha, hewa ikawa nzito, kole ikakawia. Siku za milio ya risasi tulikaa kila mtu kwake, na nilikuwa nikiliombea gitaa lile pamoja na mambo makubwa, nikimwomba Mungu anisamehe kulichanganya humo. Rangi sikuigusa. Vifungo vya sauti nilivichonga kwa mti wa parachichi. Mahali pa tundu lililolegea niliweka jipya, linaloshika waya lenyewe. Nilipoukaza waya wa kwanza ndani yake nilifurahi, na nilihuzunika kidogo.

Safari hii shingo ilistahimili. Nilifunga nyuzi sita kama zilivyouzwa dukani, nikamwita Muzee. Alilipokea magotini, akapitisha dole gumba juu ya nyuzi, akanitazama kwa masikitiko.

"Nani amekufundisha kuweka baba mahali pa mutoto?"

Nilikuwa nimesahau. Wapigaji wetu wa zamani waliuondoa uzi wa nne, ambao ni mnene, wakaweka mwembamba mahali pake, na humo ndimo ilimotoka ile sauti ya juu inayometa. Tuliubadilisha palepale. Ndipo Anselme akakunja vidole viwili vilivyobaki na nguvu, akavijaribu, akatikisa kichwa, akavijaribu tena. Mama Furaha alikuwa mlangoni, na niliona midomo yake ikisali.

"Inatosha," alisema Muzee. "Nyimbo zetu hazikuwa na mambo mingi."

Alasiri ya mazoezi tulikutana katika kanisa jipya. Umeme ulikuwepo, kwa neema. Anselme alianza ule mzunguko mfupi wa mwanzo ambao kila mmoja wetu anaufahamu tangu utotoni. Vidole viwili vilifanya kazi ya vinne, na pale vidole viliposhindwa palikuwa na pengo dogo. Sauti haikuwa ileile. Ilikuwa nyembamba zaidi, yenye vumbi kidogo. Alifika mahali ambapo sauti ya kwanza huingia.

Hakuna aliyeingia. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mkewe na mama yangu na akina mama wenzao, na wote wamelala. Wengine wa kwaya ile wako Bukavu, wengine Kampala. Tulibaki wazee wa besi na mama wawili wa sauti ya pili, tukitazamana.

Anselme hakuinua macho. Alirudi mwanzo wa mzunguko, akaupiga tena, taratibu. Alipofika mahali pale akakuta tumenyamaza, akarudi tena. Hakukunja uso, hakutupa ishara. Mwishowe mmoja wa akina mama alivuta pumzi, nasi tukamfuata, tukaimba besi na sauti ya pili mpaka mwisho, na mahali pa sauti ya kwanza tukapaacha wazi. Sijawahi kuusikia wimbo ule ukiwa mzuri namna hiyo. Namshukuru Mungu aliyenipa masikio ya kuusikia.

Enzi zetu tulikuwa na gitaa moja na betri zilizoazima nguvu kwa jua. Watoto wetu wana kinanda chenye ngoma, filimbi na zeze ndani yake, na ukibonyeza kitufe vyote vinaanza, hata kama hakuna mwimbaji aliyefika. Nawaombea mema, wanaimba vizuri. Lakini Jumapili iliyopita dada mmoja wa kwaya yao alichelewa kidogo kuvuta pumzi, na kinanda kikaenda zake bila kumngoja.