Nikiwa sakafuni Guangzhou, Kariakoo walikuwa wananiona nacheka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia uandishi. Ila nitakachoandika hapa ni kilichonipata mimi mwenyewe, na majina nitayataja, kwa sababu na wao walilitumia jina langu siku ambayo sikuweza kufungua mdomo.

Nianze na pale pabaya.

Nilikuwa chini bafuni, shavu kwenye vigae. Miguu imekataa. Nikiinua kichwa kidogo tu, nyumba yote inazunguka na matapishi yanakuja.

Simu ilikuwa chumbani, kwenye kile kimti cha kurekodia, imechomekwa chaji. Naisikia inaita. Inakatika, inaita tena. Nikajipa moyo, nikasema wakiona sipokei watashtuka, watatafuta mtu aje.

Kufika mchana simu ikanyamaza. Haikuita tena siku ile.

Nikadhani imezima. Haikuwa imezima wakuu. Kilichoinyamazisha ndicho kimenileta hapa.

Sasa turudi nyuma.

Mimi ni mwanamke, umri umeshasogea, mwenyeji wa Mbagala. Mume tuliachana, mtoto sikujaaliwa. Huku Guangzhou nina miaka mingi kidogo. Nilianza kwa kutembea na wateja Zhanxi, kule kwenye nguo na viatu vya jumla. Nasukumana na mikokoteni, nabishana na malaoban, wale mabosi wa maduka, mpaka wananiambia "mei you", yaani hakuna, na mimi nabaki nimesimama hapo hapo mpaka hiyo hakuna igeuke ipo. Jioni tunakaa Wabongo kwenye mgahawa pale Huanshi, tunakula, tunasemana. Mwili unachoka, ila usingizi unakuja wenyewe.

Mdogo wangu Zuhura, wa tumbo moja, ana duka Kariakoo na mumewe Bakari. Bakari ndiye alikuja na wazo.

"Shemeji, siku hizi hakuna haja ya kuzunguka. Kaa nyumbani, viwanda vikuletee sampo, nguo za mfano, wewe unazivaa, unarekodi, wateja wanachagua kwenye group. Unafanya kazi na kanzu ya kulalia. Raha gani hiyo?"

Nikaona kweli. Nikaacha kutoka.

Wanaofanya kazi nyumbani watanielewa hapa. Mwanzo unajiona umewini maisha. Baadaye nyumba inageuka ofisi, ofisi haina mlango wa kutokea. Sampo zilijaa mpaka kitandani, nikawa nalala pembeni ya viroba kama mzigo mwingine.

Halafu kuna suala la saa. Kariakoo wanafungua saa mbili asubuhi, huku ni saa saba mchana. Wanafunga saa moja jioni, huku ni saa sita usiku. Na viwanda vya huku vinanitaka asubuhi. Kwa hiyo asubuhi yangu ilikuwa ya Wachina na usiku wangu ulikuwa wa Bakari. Ya kwangu haikuwepo. Kula nilikuwa nakula nimesimama, mkono mmoja unabonyeza voisi.

Ijumaa nikaacha kwenda msikitini. Mgahawani wakaacha kuniulizia. Watu wanaacha kuuliza haraka sana wakuu, haraka kuliko mnavyofikiri.

Nikamwambia Bakari nimechoka, nataka angalau siku moja nisionekane. Akajibu kwa upole, hapo ndipo aliponimaliza:

"Basi shemeji tufanye akiba. Siku ukiwa na nguvu rekodi video nyingi, badilisha nguo tu. Siku umechoka mimi naweka moja, wewe unalala. Ila usitaje siku. Sema leo. Leo inafaa siku zote."

Nikamshukuru. Nilidhani amenihurumia.

Nikarekodi. Nasimama dirishani palipo na mwanga, nacheka, nasema "Leo wapendwa wangu nimewaletea mzigo wa moto." Navua, navaa nyingine, nacheka tena. "Leo wapendwa."

Jirani yangu ni Mkongomani wa Lubumbashi, Maman Béatrice, anasukia watu nywele chumbani kwake. Ukuta wetu mwembamba kama karatasi. Kila nikirekodi anaupiga na kitana. Tukikutana kwenye korido ananitania:

"Leo Wapendwa, unasemaka na nani mu nyumba, weye peke yako? Hao wapendwa siwaonake kuingia."

Nilikuwa namuona mbea. Nilikuwa namjibu kwa mkato, napita.

Basi siku niliyoanguka ilikuwa joto la mwezi wa sita, lile la huku la unyevu, unavuta hewa kama unavuta maji. Nilikuwa sijala chochote cha maana. Presha ninayo, dawa zilikuwa zimeisha na nilikuwa najiambia kesho nitazifuata. Nikaingia bafuni kunawa uso, sikumbuki kufika kwenye bomba.

Nililala pale mpaka kesho yake. Sina hamu ya kueleza yote. Niseme tu bafu liko mbali na ule ukuta wa jirani, nilipiga kelele mpaka sauti ikawa mluzi, na nilimtaja Zuhura kabla sijamtaja mama.

Aliyenitoa ni Maman Béatrice. Alimfuata mama mwenye nyumba, wakabishana pale mlangoni, huyu kwa Kifaransa na yule kwa Kichina, mpaka ufunguo ukatoka. Nakumbuka kapiga magoti kwenye yale maji machafu na gauni lake zuri, ameshika uso wangu.

"Ukuta yako imenyamaza tangu jana, ma chère. Miye nikasema huyu mama hanyamazake. Ao amekufa, ao amerudia kwao. Na viatu vyako viko ku mlango."

Hospitali daktari aliandika kwenye simu ikatafsiri: maji mwilini yamekwisha, presha iko juu, na mwili umefanya kazi kupita kiasi. Akauliza naishi na nani. Maman Béatrice akajibu kabla yangu, "Na miye." Yeye alidanganya, mimi nikalia.

Niliposhika simu yangu, chaji ilikuwa imejaa. Nikafungua group.

Wakuu, nilijikuta mimi.

Nimesimama dirishani, nacheka, nasema leo wapendwa wangu nimewaletea mzigo wa moto. Imewekwa mchana wa siku ile nikiwa chini. Juu yake kuna wateja wanauliza, "Dada mbona hapokei, yuko salama?" Chini yake Bakari ameandika, "Dada yuko sokoni, ndani ya jengo network hakuna. Huyu hapa, muoneni wenyewe."

Wakaniona. Wakaweka makopakopa. Wakaacha kupiga.

Ndiyo maana simu ilinyamaza.

Nikampigia Bakari. Hata hakubabaika.

"Sasa shemeji ulitaka tufanyeje? Wateja wangekimbia. Si tulikubaliana, ukichoka naweka?"

"Nilichoka, Bakari? Nilikuwa nakufa."

"Hatukujua. Tulijua umelala."

Nikasema nipe Zuhura. Zuhura akachukua simu, akasema, "Dada, usilikuze. Mshukuru Mungu umepona." Akarudisha simu kwa mumewe.

Nikajilazimisha kuamini kwamba hawakujua. Ndugu ni ndugu, na mimi nina ndugu mmoja tu.

Sasa mama ndiye aliyeniharibia hiyo imani, na wala hakukusudia.

Kuna gauni moja la kijani la sampo. Kifungo cha shingoni kilidondoka, sikuwa na cha kufanana, nikashona cheusi. Nikarekodi nalo video, halafu nikalituma kwenye mzigo liende kwa mama. Zuhura ndiye aliyefungua ule mzigo. Alinitumia voisi anacheka: "Dada, huko China kunakotoka vifungo vyote umekosa cha kijani?" Akampelekea mama Mbagala.

Nilipopata nafuu mama akaniambia, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Siku ile alihisi vibaya, akamtuma mtu amwite Zuhura na mumewe. Akawauliza, mbona mwanangu hapokei? Bakari akamuonyesha ile video. Mama akatazama, akasema:

"Hilo gauni si langu? Liko kwenye kamba hapo nje, nimelifua asubuhi. Na kifungo cheusi kile."

Bakari akamwambia, "Mama, hizo ni za jumla, zinatengenezwa nyingi."

"Na vifungo vyeusi wanashona vingi?"

Mama anasema Zuhura alitoka nje akalitazama lile gauni kwenye kamba. Akarudi ndani, akakaa. Wakanywa chai, wakaondoka.

Mimi wakati huo nilikuwa sakafuni.

Wakuu, kwa wanaofanya kazi nyumbani, nilichojifunza ni hiki. Kupumzika kwa kuacha mfano wako ufanye kazi siyo kupumzika. Kama umechoka, waambie watu umechoka, wakukose. Ukikosekana ndiyo watakuja. Na uwe na mtu mmoja wa kukuona kwa macho kila siku, hata kama mnagombana. Mimi sasa nakula kwa Maman Béatrice, ananipigia kelele nikichelewa kama vile mimi ni mtoto wake, na mimi namzidi umri. Zhanxi nimerudi, nasukumana na mikokoteni kama zamani. Simu naizima kabla Kariakoo hawajafunga. Dawa nakunywa.

Upweke haujaondoka, sitawadanganya. Ila sasa ukuta wangu una mtu upande wa pili, na mimi najua yupo.

Kazi ya Bakari nimeacha. Yeye hajaniacha. Mpaka naandika hapa bado anarusha zile video za akiba. Wateja wakija huku kununua mzigo wananisalimia barabarani, "Dada jana ulipendeza." Yule wa kwenye video hachoki, hali, haumwi. Nimeomba azifute, anasema ni mali ya duka.

Wanasheria mliomo humu, nielekezeni kama sura yangu inaweza kuwa mali ya duka la mtu. Na wenye uzoefu kama wangu semeni, nitasoma yote.

Lakini kuna mtu mmoja namtaka zaidi ya wote, na najua humu huwa anapita kusoma.

Zuhura, Bakari simuulizi, yeye ni mfanyabiashara. Nakuuliza wewe. Ulitoka nje, ukalitazama gauni kwenye kamba, kifungo ukakiona, na ulikijua kwa sababu ulikicheka mwenyewe. Ukarudi ndani ukamwacha mama aamini kwamba mimi nacheka.

Ulikuwa unafikiria nini ulipokuwa unakunywa ile chai?

Jibu hapa hapa, mbele ya watu. Usinitumie video.