Kaka Asiyefika Msumarini

Katika karakana ya shemeji yangu, hakuna aliyegusa msumeno wa umeme kabla kichwa chake hakijafika kwenye msumari uliopigiliwa kwenye mwimo wa mlango. Shemeji mwenyewe alikatwa vidole viwili akiwa mdogo, amepanda kigoda ili aufikie msumeno wa baba yake. Sheria ilikuwa na maana, nami niliyepiga randa pale miaka kumi na miwili sikuwahi kuipinga.

Mpwa wangu wa kwanza tulimwita Nukta. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Alikuwa na miaka kumi na saba, macho ya manjano, miguu kama mipini ya patasi, na sauti ile ile aliyokuwa nayo darasa la nne. Kidevu kilikuwa kitupu. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni bila kuitwa, akajipima, akarudi kupiga msasa. Alikuwa amebakiza upana wa vidole vinne kuufikia msumari.

Mdogo wake, wa miaka kumi na minne, aliufikia Jumatatu moja asubuhi. Shemeji akamkabidhi msumeno hapo hapo.

"Kuanzia leo huyu ndiye mkubwa," alisema. "Nukta, msaidie kaka yako."

"Dogo, nishikie mbao," mdogo wake akasema huku anacheka. "Na siku ukikua uniambie."

Nukta aliokota nyundo akampiga nayo mdomoni. Nilisikia jino likivunjika. Yule mdogo alianguka kwenye maranda, akainuka na damu kidevuni, akamkaba kaka yake na kumbamiza ukutani mara tatu, mara nne. Nilijaribu kuwaamua, nikaambulia kiwiko cha jicho. Shemeji akaja na kipande cha ubao, akawachapa wote wawili bila kuchagua. Mdogo alikimbia. Nukta hakuweza.

"Chakula chote unachokula kinakwenda wapi?" Shemeji aliuliza huku anapiga. "Sauti ya kifaranga, halafu unavunja watu meno."

Nukta akajikunja, akashika mapaja. "Mifupa, baba. Mifupa."

"Anajifanya huyu," Shemeji akasema, akamwagia ndoo nzima ya maji ya baridi.

Mimi nilijua. Kliniki tuliambiwa baridi ndiyo inayoamsha maumivu yake. Nilibaki nimeshika jicho langu.

Dada alitoka uani, akaiona ndoo. Alimpokonya mumewe ule ubao akampiga nao begani mpaka ukakatika.

"Nilikwambia mara ngapi?" alisema, akainua kipande kilichobaki akampiga tena.

Nilimbeba Nukta hadi hospitali. Alikuwa mwepesi kama droo tupu, anatetemeka, anauma kola ya shati langu. Shemeji alitangulia mapokezi kuandikisha. Kisha muuguzi akaongoza njia hadi mlango wa wodi ya watoto, na hapo Nukta akakamata fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Sio huku."

"Fomu inasema miaka kumi na miwili," muuguzi akasema.

Dada alimgeukia mumewe. Watu walikuwa wengi pale mapokezi, na Shemeji alikuwa ameona aibu kutaja umri wa kweli wa mtoto wa kimo kile.

"Ana mingapi?" muuguzi akamuuliza Shemeji. Kisha akaendelea taratibu: "Mzee, wenye selimundu chembe zao za damu zinavunjika upesi. Mwili unamaliza nguvu kutengeneza nyingine, kwa hiyo kurefuka na kubalehe vinasubiri. Wengi wanakua, ila wanachelewa. Huyu hajakataa kukua."

"Kumi na saba," Shemeji akaiambia sakafu.

"Sema kwa sauti," Nukta akasema, bado ameshikilia fremu, kucha zimekuwa nyeupe.

Shemeji akainua kichwa. Damu ya bega ilikuwa imelowanisha shati lake.

"Kumi na saba. Ndiye mkubwa wangu."

Muuguzi akakata ile kumi na mbili kwa kalamu, tukageuza kuelekea wodi ya wanaume. Nukta aliachia mlango, akalaza kichwa begani kwangu.

"Ukirudi nyumbani," alimwambia baba yake, "kamwambie na yule mdogo wangu."