Mafuta Meusi ya Wifi Odeta

Wifi yangu Odeta, mke wa kaka yangu Masalu, alianza kukaanga mapanki pale Mabatini mwaka 1992, kaka alipopunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Wapo wanaosema ilikuwa tisini na nne. Hao walikuwa hawajahamia. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na vichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Hayo ndiyo mapanki. Watu walicheka, lakini wifi aliyakaanga mpaka makarani wa benki wakatuma watu kuyanunua.

Siri yake ilikuwa mafuta. Hakuyamwaga hata siku moja. Jioni aliyachuja kwa kitambaa, asubuhi akaongeza mapya kidogo juu ya yale ya zamani.

"Mafuta mapya hayana akili," alikuwa akisema. "Haya yameshawajua samaki."

Yalikuwa meusi tii, na samaki walitoka na rangi ya shaba. Moshi wake uliingia kwenye kanga zake, hata akifua hautoki.

Sasa, mama yake Odeta aliwahi kupooza upande mmoja, akalala miaka mitatu, na Odeta ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1996, mwiko ulipomponyoka mkono wa kulia na vidole vikakataa kuuokota, hakupiga kelele. Aliniangalia tu.

"Wifi, imefika zamu yangu."

Baada ya nusu saa vidole vilirudi, lakini sikungoja vikatae tena. Nilimshika kiuno tukaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mmoja mpole, anaitwa Mihayo. Akatuamkia, akampima presha. Akapima tena. Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nakaanga mapanki, baba."

"Mafuta unabadilisha baada ya muda gani?"

Wifi akajivuna. "Mimi sibadilishi."

Daktari akachukua kalamu, akachora nyuma ya kadi. Nitaandika alivyosema, maana sijasahau. Moshi na mafuta yaliyoungua mara nyingi huleta mwilini vitu vikali vinavyokula kuta za mishipa ya damu kama kutu inavyokula bati. Ukuta wa mshipa umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, na kila chembe ina milango. Kalsiamu ikiingia, chembe inajikunja na mshipa unabana. Ikitolewa, mshipa unalegea. Ndivyo inavyotakiwa, kubana na kulegea. Lakini kutu ile ikizidi, milango ya kuingilia inabaki wazi, na pampu za kuitoa zinachoka. Kalsiamu inajaa ndani, mshipa unakaa umekunjwa kama ngumi, na damu inapita kwa kulazimisha. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, mtu anapooza.

"Vidonge hivi vinaegesha ule mlango," akasema. "Meza kila siku, kichwa kiume kisiume. Na yale mafuta umwage."

Njiani wifi akaniuliza, "Haya, wewe uliyesoma, kasema nini?"

Nimesoma darasa la nne, tena la mkoloni, lililokuwa na mtihani wa kweli. Nikamjibu bila kusita, "Adui yako ni kalsiamu."

Na kalsiamu tulishafundishwa kliniki ya watoto inakaa wapi: kwenye dagaa na maziwa. Basi nikapiga marufuku. Dagaa wote nikawahamishia kwangu, na mtindi nikamwambia mama wa maziwa asisimame pale mlangoni. Mafuta? Mafuta niliyaacha. Niliona adui akikosa chakula, mafuta hayana kesi. Wifi naye alifurahi sana, hakuna aliyegusa karai lake.

Mwezi ulipokwisha tukarudi. Mia moja tisini na tano. Daktari akakunja uso.

"Vidonge unameza?"

"Kila siku, baba."

"Na mafuta?"

Wifi akanitazama. Nikaona nimtetee. "Daktari, tumefuata masharti. Dagaa na maziwa tumekata kabisa."

Akaweka kalamu chini. "Dagaa wamekosa nini?"

"Si wana kalsiamu?"

Alianza kucheka, kisha akaona nyuso zetu, akaacha. "Mama zangu, kalsiamu ya dagaa inajenga mifupa, na mwili unajua kuipima. Ugonjwa hautokani na chakula hicho. Milango ndiyo imeharibika. Nyinyi mmemfukuza mgeni mwema, mwizi mmemwacha jikoni anapika."

Tukarudi nyumbani. Wifi alilibeba lile karai mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka, akamwaga miaka minne ya mafuta. Akasimama pale kama mtu aliyezika.

Kesho yake samaki walitoka weupe. Luhende, fundi mwashi, akamgeuza wake kwenye sahani.

"Mama, huyu kalazwa wodi gani?"

"Ile zilimolazwa kuta zako," wifi akamjibu. "Kula, mafuta yanajifunza."

Wateja wengine walihama, na baadhi yao hawakurudi tena. Yeye akawa anabadilisha mafuta kila baada ya siku mbili, jiko akalihamishia upande ambao upepo wa ziwa unaondoa moshi. Presha ikashuka pole pole. Pasaka ya tisini na saba ilikuwa mia moja arobaini kwa tisini. Daktari akamwambia vidonge ni vya maisha, mishipa iliyoumizwa hairudi kuwa ya kitoto. Lakini vidole havikumkatalia tena.

Siku hiyo ndiyo niliyomwomba radhi. "Wifi, kosa la dagaa lilikuwa langu. Nilikunyima chakula mwezi mzima."

"Ulininyima?" Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Dagaa nilikuwa nawala kwa Akinyi hapo jirani, kila Jumatano na Jumamosi. Tena na maziwa. Ulidhani nitakufa njaa kwa sababu wewe umesoma?"

Nilimnunia siku mbili.