Vumbi la Bahari Nililolichuja

Ninaikumbuka vizuri asubuhi ile, mjukuu wangu, nilipochuja maji ya bahari kwa kipande cha khanga nikidhani ninafanya usafi. Usinicheke bado. Mimi ni mtoto wa Kigwa, huko bara. Nilikua nikisikia treni, si mawimbi. Nilipopata nafasi ya kusomea mambo ya bahari Unguja, nilikuwa sijawahi hata kuonja maji ya chumvi. Lakini nilikuwa nimefaulu vizuri, na ujana una kiburi chake, basi nikajiona sina la kuuliza.

Mwalimu wangu, Dakta Mwanaidi, alikuwa na swali lililomsumbua miaka mingi. Kule mbali na pwani, ambako maji yana rutuba haba, viumbe wanapata wapi naitrojeni ya kuwakuza? Alinikabidhi chupa, akanituma na boti ya chuo siku nne mfululizo nikachote maji ya juu.

"Yalete kama yalivyo," aliniambia.

Siku ya kwanza nikakuta juu ya maji kumeelea uchafu wa hudhurungi, kama vumbi la mbao linalodondoka chini ya msumeno wa seremala. Nikaona haya kumpelekea mwalimu maji machafu. Nikafunika mdomo wa chupa kwa khanga, nikachuja. Nikafanya hivyo siku zote nne.

Majibu ya maabara yalipotoka, Dakta aliyasoma mara mbili. Alichokitarajia hakikuwamo. Akaanza kuandika kwamba wazo lake, kuwa rutuba ile hutengenezwa humo humo majini, lilikuwa na makosa tangu mwanzo. Kisha akaniuliza kama kuna chochote nilichobadilisha.

Nikasema, "Hapana, Mwalimu."

Nusu ya moyo wangu iliamini jibu lile. Nusu nyingine ilijua.

Pale maabara palikuwa na mhudumu mmoja, Mzee Hamisi, ambaye bibi yake aliteremka pwani na msafara kutoka Unyanyembe, upande wa kwetu. Kwa ajili hiyo alinihesabu mtu wa kwao. Mchana ule alinikuta nikifua ile khanga. Akaliona doa.

"Hili umelipata wapi?"

"Taka za baharini, babu. Nilizichuja."

Akavuta kigoda, akaketi. "Kwenu mnalima karanga?"

"Tunalima."

"Ukiing'oa, mizizini unaona nini?"

"Vivimbe vidogo vidogo."

"Na mwaka wa pili hapo mnapanda nini?"

"Mahindi, babu. Yanastawi sana."

"Basi waliomo kwenye vivimbe vile, na hawa uliowakusanya kwenye khanga, kazi yao ni moja. Ni bakteria. Hawa wanachukua naitrojeni ya hewa iliyomo majini, wanaigeuza iwe rutuba. Wakivujisha, au wakifa wakaoza, wengine wote wanapata riziki. Dakta anawatafuta hawa, wewe umewaanika kwenye kamba." Akanitazama. "Usidharau kiselema, jembe lililolika, chalima kikapita jembe zima. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, na utamwambia leo."

Mwanangu, toka maabara mpaka mlango wa Dakta ni hatua chache, lakini nilizitembea kama mtu anayekwenda Kaliua kwa miguu. Niliwaza nitakavyorudi Kigwa mikono mitupu, baada ya kanisa zima kuniombea. Nikabisha hodi. Nikasema yote, na ile "hapana" nikaitaja pia.

Aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti.

"Kuchuja ni kutojua," alisema. "Nitakufundisha. Ila lile jibu lako lingenifanya niwadanganye watu wanaoniamini, na mimi nisijue."

Ilitubidi tungoje msimu mwingine, kwa sababu vumbi lile halionekani kila siku. Miezi yote hiyo niliosha chupa pamoja na Mzee Hamisi, na nakwambia, nilijifunza kwake mengi kuliko darasani. Lilipotokea tena, nilichota bila kugusa. Safari hii majibu yalikuja vile Dakta alivyofikiri. Mimi nikaendelea na kazi ile mpaka nilipostaafu, na wanafunzi niliowafundisha baadaye hakuna aliyetoka nje bila kuniuliza maswali mpaka nikachoka. Niliwataka wanichoshe.

Sasa na wewe unakwenda chuoni. Sikiliza maneno ya bibi yako. Usilolijua usilitupe, liulizie kwanza, hata kama wa kuulizwa ni mtu anayefagia. Na ukikosea, sema mapema, sema mwenyewe, kosa likiwa bado dogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilifichua, na maisha yangu yote ya kazi yamezaliwa siku ile.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa ukweli. Akukutanishe na watu watakaokukemea kwa upendo, na ufike mbali kuliko nilikofika mimi.