Siku Walipoita "Nanga"

Mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kumi na sita, tulivuka ziwa kutoka Burundi, mimi na mama, tukashukia Ujiji na nguo za mwilini tu. Shule niliishia darasa la pili. Sikuwa na cha kuuza ila mgongo, nikaupeleka bandarini Kigoma.

Makuli wa pale walikuwa na maneno yao. Kushinda bila kupata kazi waliita kunyonya kamba. Mzigo uliosahauliwa gatini, usio na mwenyewe, waliuita baki. Na sisi tuliovuka ziwa tukaitwa hivyo hivyo. "We baki, njoo!" Nikiitikia "ego," kama tunavyoitikia kwetu, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nyapara wao alikuwa na shingo nene na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku moja alinitwika gunia la chumvi ya Uvinza lililolowa, na makuli wawili wakashika pembe zake. Tulipofika katikati ya ubao wa kupandia meli, akapiga ukelele: "Nanga!"

Wakaachia wote wawili. Kwao nanga ni mzigo mbaya, mwachieni mgeni afe nao. Mimi nitajuaje? Nikaporomoka nalo, mtulinga ukavunjika.

"Baki limemwagika," nyapara akasema, wakacheka.

Mama alinifunga bega kwa khanga aliyokuja nayo. Sikulia. Neno lile nililiweka.

Nikavua dagaa Bangwe, nikachuuza mawese, miaka ikapita, nikanunua boti yangu. Vijana wangu wa kupakia niliwafundisha neno moja tu la makuli.

Siku moja yule nyapara akaja kupanda boti yangu, mzee sasa, meno yamepukutika, na gunia la makopa ya muhogo anampelekea binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, tajiri. Niazime vijana wanitwike."

Wakamtwika, wakashika pembe. Alipokuwa katikati ya ubao nikaita: "Nanga!"

Wakaachia. Gunia likaenda majini, yeye akabaki amepiga magoti, ameng'ang'ania ubao. Akaniangalia sana.

"Kumbe ni wewe, baki?"

"Ego," nikamjibu.

Nauli yake nilimrudishia. Boti ikaondoka, yeye yuko ufukweni analoweshwa na mawimbi.

Wapo walioniambia nikamwombe radhi. Alipokufa sikwenda hata mazikoni.

Leo nina boti mbili, nyumba ya bati Kasingirima, shamba la michikichi, mbuzi sita, na bega moja lililolala kuliko mwenzake.